Nyumba Asiyoingia Mama

Kama kuna mtu katika Giakanja yote aliyejua kupiga hodi, ni Naliaka. Alipiga hodi kwa wazee, kwa walevi, kwa wenye mbwa wakali, na kwa wale wanaozima redio wakimwona akishuka mteremko na begi lake la bluu ili wamdanganye kuwa hawako. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, kazi ya serikali yenye mwendo mwingi na shukrani kidogo: kupima watoto uzito, kuwakumbusha wazee dawa za presha, kuuliza choo kiko wapi na kama kina kifuniko. Hakuna nyumba iliyomshinda. Isipokuwa moja, na hiyo aliiona kila siku akiwa amesimama jikoni kwake, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo.

Ilikuwa nyumba ya Ndiritu, mwanawe.

Si kwamba Ndiritu alimfungia. Ni mila tu. Katika maboma ya Wagikuyu kijana akishatahiriwa hujengewa kijumba chake, hata kama ni cha mbao za kuokota, na tangu siku hiyo mama yake haingii humo. Atamwita kutoka nje, atamwekea chakula mlangoni, atafua nguo zikiletwa. Kuingia haingii. Naliaka, Mbukusu wa Kimilili, hakuhitaji kuambiwa mara mbili, maana kwao pia mtoto akitoka jandoni mama hujua mipaka yake. Lakini mama mkwe wake, Gathoni, kikongwe mwembamba wa fimbo na amri, alimwambia vilevile, asije akajisahau. "Mama Ndiritu, hapo sasa ni kwa mwanamume. Ukitaka kumwita, mwite ukiwa hapa," alisema siku mabati yalipopigiliwa, akachora mstari kwenye udongo kwa ncha ya fimbo. Naliaka alicheka, akatii. Mvua ya kwanza iliufuta mstari ule, lakini yeye aliendelea kuuona.

Alikuwa amekuja Nyeri akiwa msichana, kumpikia kaka yake Samuel aliyekuwa askari mjini. Alikusudia kukaa mpaka Samuel aoe. Samuel akapata uhamisho, Naliaka akampata Mwai, fundi wa mawe mwenye viganja vikavu na maneno ya kuhesabika, na mambo yakaishia hapo. Watu wa kwao walimwonya kuwa Wagikuyu wangemfanyisha kazi mpaka mgongo uvunjike. Watu wa Giakanja nao walisema mwanamke wa kutoka magharibi angechinja kuku wote wa boma. Pande zote mbili hazikukosea sana. Naliaka alijifunza Kigikuyu, akajifunza kuchuma majani chai vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai, na akajifunza majina: kwamba mvulana wa kwanza huitwa baba ya baba yake, wa pili huitwa baba ya mama yake, na wasichana nao hivyo hivyo kwa nyanya zao. Ndiyo maana mwanawe wa kwanza aliitwa Ndiritu, kwa jina la mkwewe marehemu, Hezekiah Ndiritu. Binti aliyefuata, Tabby, alipewa jina la Gathoni, na kwa bahati mbaya alipewa na mdomo wake pia.

Basi mwaka mmoja serikali ilishtuka. Vijana wa kaunti za mlimani walikuwa wakijitoa uhai, leo huku, kesho kule, na kila mazishi yalifanywa haraka haraka kama ya watu wanaoficha kitu. Kwanza viongozi walifanya wanachofanya siku zote: wakaita baraza. Naibu wa chifu akasema ni pombe. Mhubiri akasema ni shetani. Mzee mmoja akasema ni simu, na alipokuwa akisema hivyo simu yake ikalia. Kila mmoja alikuja na jibu lake mfukoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemuuliza mtu yeyote swali.

Ndipo Wizara ya Afya ikaamua kuuliza. Ilituma watu wake waende katika familia zilizofiwa, waketi, wasikilize, wajue kijana aliishije kabla hajafa na ni nini kingeweza kumshika mkono. Na kwa kuwa mgeni haingii boma la watu hivi hivi na kuanza kuuliza habari za marehemu, waliitwa wahudumu wa afya wa vijiji wafundishwe, ili watangulie kufungua mlango.

Mwalimu wao alikuwa Fowsia, binti wa Nanyuki, mtoto wa mfanyabiashara wa ngamia na mbuzi. Alivaa hijabu ya kijani na alizungumza kwa sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Asubuhi ya kwanza, katika ukumbi wa kanisa ulio nyuma ya zahanati, alitaka jambo moja dogo: kila mmoja atamke neno lenyewe. Kujiua. Hakuna aliyeweza. Wakasema "ile kitu". Wakasema "kufanya vibaya". Naliaka, mwenye mdomo wa kumuuliza mzee wa kanisa kama choo chake kina kifuniko, alifungua kinywa na akatoa kikohozi.

"Msiogope," Fowsia aliwaambia. "Kumuuliza mtu kama anafikiria kujitoa uhai hakumwingizii wazo kichwani. Kama halipo, atakwambia halipo. Kama lipo, amekuwa akilibeba peke yake, na wewe ndiye wa kwanza kumsaidia mzigo. Ulizeni waziwazi. Na hata kwetu sisi tunaficha, msidhani ni nyinyi tu."

Kisha akawaeleza dalili. Kijana aliyekuwa mchangamfu anajifungia ndani. Halali, au halali kwa wakati wa watu. Anasema yeye ni mzigo. Anaanza kugawa vitu alivyovipenda. Naliaka aliitikia kwa kichwa kila Fowsia alipotaja moja. Aliona sura za watoto wa watu. Alimwona kijana wa pale kwenye duka la mbolea, akamwona binti wa jirani wa juu, akajiambia atawapitia wote wawili kabla ya Jumapili.

Hapa mtu hutamani kumshika Naliaka mabega amtikise, lakini tusimlaumu sana. Jicho huona mbali kwa urahisi. Ndiritu alikuwa ametoka shule akiwa na ndoto moja tu, kuandikwa jeshi. Alikimbia kila alfajiri hadi kiwanda cha majani chai na kurudi, na Gathoni alikwisha kuwatangazia wanawake wa kanisa kwamba mjukuu wake atakuwa mwanajeshi. Siku ya kuandikwa alipimwa kifua, akapimwa urefu, akakimbia akawaacha wenzake nyuma. Kisha afisa akamwambia afungue mdomo. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika tangu utotoni, alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni. Afisa akamwonyesha upande wa kutokea. Kwa jino! Alirudi nyumbani kwa miguu, akaingia katika kijumba chake, na tangu siku hiyo alionekana jua likishatua tu. Naliaka alimwachia chai kwenye jiwe la mlangoni. Alimwita kutoka kwenye ule mstari uliofutika. "Ndiritu, uko sawa?" Na Ndiritu akajibu kutoka ndani, "Niko fiti, mathe." Basi mathe akaenda zake kazini. Ndiritu alipogawa viatu vyake vya kukimbilia, akamtuma Tabby ampelekee mwalimu wa michezo avitoe kwa atakayevihitaji, Naliaka alijisifu kwa jirani yake Kagure kuwa amezaa mtoto mwenye moyo mkubwa.

Katikati ya wiki Fowsia alimchukua Naliaka wakaenda ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja aliyempoteza mwanawe. Mama yule aliwakaribisha kwa wasiwasi, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Aliwaambia waombolezaji walikatazwa kuimba. Aliwaambia jirani alikuja na panga akakata mti wa uani alipofia kijana, bila hata kuomba ruhusa, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Naliaka alimuuliza, "Mwanao alipenda nini?" Yule mama akamtazama kama aliyesikia lugha ya kwao akiwa ugenini.

"Nyinyi ndio wa kwanza kuniuliza habari yake tangu tumzike," alisema, na akazungumza bila kukoma mpaka chai ikapoa. Njiani wakirudi Naliaka alilia waziwazi. Alisema moyoni kwamba watu hawa, na wema wao wote, wana ukatili fulani wa kunyamaza. Alisema "watu hawa", kana kwamba yeye hakuwa mmoja wao.

Siku iliyofuata walifundishwa kuuliza habari za ukoo, maana Fowsia alisema huzuni nyingine huwa na historia. Wakakaa wawili wawili, mmoja muulizaji, mwingine mjibuji, wakitumia familia zao wenyewe ili waonje ladha ya kuulizwa. Naliaka alikaa na Kagure. Kagure alikuwa mhudumu mwenzake na rafiki wa kufa kuzikana, mzaliwa wa pale pale, mwanamke anayecheka kabla ya kumaliza sentensi.

"Haya, Mama Ndiritu," Kagure alianza akijikaza asicheke. "Bwana yako ni wa ngapi kwao?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza aje, na anaitwa Mwai?" Kagure akacheka. "Wewe! Miaka hii yote bado hujajua majina yetu? Mwai si ni baba ya Gathoni? Huyo ni wa pili. Wa kwanza ni Weru..."

Kicheko kikakatika. Kagure akaweka kiganja mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Weru ni nani?" Naliaka aliuliza.

"Ruka hiyo swali. Tuende kwa ingine."

"Tumeambiwa tusiruke. Kagure, Weru ni nani?"

"Uliza wenyewe kwenu. Mimi sina ruhusa." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ngai, mimi na hii mdomo yangu."

Naliaka aligeuka akawatazama wengine. Wanawake aliopika nao kwenye harusi, waliomsaidia kujifungua, waliokula nyumbani kwake kila Krismasi, wote walikuwa wakitazama miguu yao. Wote walijua. Mgeni alikuwa yeye peke yake, na hakuwahi kujua kuwa ni mgeni. Mshtuko ulimpata vibaya hata akasahau begi lake kwenye kiti.

Alitembea kuelekea nyumbani huku mambo yakijipanga kichwani bila yeye kuyaita. Kaburi la mkwewe alilipalilia mwenyewe kila Desemba. Jiwe lilisema Hezekiah Ndiritu Weru. Baba yake Hezekiah aliitwa Weru, basi mtoto wa kwanza wa kiume wa Hezekiah angekuwa nani kama si Weru? Jambo lilikuwa limechongwa kwenye jiwe, tena Mwai ndiye aliyelichonga kwa mkono wake, na yeye akalisugua kwa brashi na sabuni bila kuliona. Akakumbuka kile kipande cha ardhi kando ya zizi, kizuri, tambarare, kilichopandwa nepia, majani ya ng'ombe, na hakijawahi kupandwa kitu kingine. Aliwahi kuomba ajenge hapo nyumba ya kuku. Gathoni alikataa kwa ukali ambao haukulingana na kuku. Na Mwai, mumewe, aliyelala ubavuni mwake miaka yote hii, alikuwa amemwambia kwa kinywa chake, "Mimi ndiye mkubwa kwetu."

Alimkuta Gathoni ameketi juani juu ya gunia, anachambua maharagwe. Hakumsalimu. Hilo peke yake lilimfanya kikongwe ainue uso.

"Mama," Naliaka alisema kwa Kigikuyu, "Weru ni nani?"

Mkono wa Gathoni ukabaki hewani na maharagwe yake. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeitwa kutoka mbali ambaye hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Naliaka alitarajia ukali. Alikuwa amejiandaa kwa ukali. Badala yake kikongwe aliyarudisha maharagwe kwenye ungo polepole.

"Nani amelitaja hilo jina?"

"Haidhuru. Ni nani?"

"Ni mtoto wangu," alisema Gathoni. "Ni mtoto wangu wa kwanza."

Akaelekeza fimbo kule kwenye nepia. Nyumba yake ilikuwa pale, alisema. Alikuwa kijana mpole, fundi wa redio, angeweza kufungua redio mbovu na kuifanya iimbe. Kisha akaanza kukaa ndani. Hezekiah akasema ni uvivu. Asubuhi moja Gathoni alimpelekea uji. Akamwita. Hakuitika. Akadhani amelala. Akamwita tena, akagonga ukuta kwa kijiti. Hezekiah alikuwa amepeleka maziwa, na hakukuwa na mwanamume mwingine bomani ila Mwai, aliyekuwa mtoto mdogo.

"Nilisimama nje," Gathoni alisema. "Mlango haukuwa umefungwa kwa ndani, Mama Ndiritu. Ulikuwa umerudishwa tu. Nilisimama na uji mpaka ukapoa, nikamsubiri baba yake arudi, kwa sababu mimi ni mama, na mama haingii. Daktari alikuja kusema baadaye kwamba nilipokuwa nimesimama pale huenda alikuwa bado hai."

Naliaka aliketi chini, palepale kwenye vumbi.

Polisi walikuja, aliendelea Gathoni, wakazungumza kana kwamba kumeibwa kitu. Kanisa lilikataza jeneza lisivuke kizingiti. Walimzika bila wimbo, na jioni hiyo Hezekiah akabomoa nyumba, akapanda majani, akasema jina hilo lisitajwe tena hapa nyumbani, lisije likazoea. Mwai aliambiwa, kuanzia leo wewe ndiye mkubwa. Kijiji kikafunga mdomo kwa heshima. "Walinionea huruma," alisema Gathoni. "Hata mimi nilidhani ni huruma."

Wakati huo Naliaka alikuwa hamtazami tena. Alikuwa akitazama jiwe lililo mlangoni kwa mwanawe. Chai ya asubuhi ilikuwa palepale alipoiacha. Ilikuwa imefanya utando. Andazi lilikuwa limepandwa na siafu.

Na hapo ndipo alipoviona vile viatu. Si kwa macho, maana havikuwako; vilikuwa vimegawiwa. Akayasikia maneno ya Fowsia moja baada ya jingine, yale aliyoyaitikia kwa kichwa, na safari hii hayakuwa na sura ya kijana wa duka la mbolea wala ya binti wa jirani.

"Ndiritu!" aliita.

Kimya.

Alikwishasimama, hata hakujua saa ngapi alisimama. Alifika kwenye ule mstari na miguu yake ikakwama kwa mazoea. Aibu iliyoje! Mwanamke mzima, mwanawe yuko ndani, na miguu inakumbuka adabu. "Ndiritu! Nijibu!"

Nyuma yake ungo ulianguka, maharagwe yakamwagika.

"Mbona umesimama hapo?" Gathoni alipiga kelele, kelele ambayo Naliaka hakujua kuwa kifua kile kina uwezo wa kuitoa. "Usisimame! Ingia! Mama Ndiritu, ingia!"

Akaingia.

Mlango haukuwa umefungwa. Ulikuwa umerudishwa tu. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya nguo zilizovaliwa muda mrefu, na ilimchukua Naliaka kitambo kirefu mno kumwona mwanawe, ameketi sakafuni kwenye pembe, mgongo ukutani, magoti kifuani. Macho yake yalikuwa wazi. Alipepesa. Naliaka aliona akipepesa, akashika ukuta.

"Mathe?" Ndiritu alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo lisilowezekana. "Mathe, huwezi kuingia hapa."

"Nimeshaingia."

Alikuwa amekonda. Kwa nje, usiku, akipita na jaketi lake, haikuonekana. Naliaka akaketi sakafuni mbele yake, akakumbuka aliyofundishwa na akayasahau yote, isipokuwa moja.

"Ndiritu, nakuuliza, na sitakukasirikia. Umekuwa ukifikiria kujiua?"

Neno lililomkwama ukumbini lilitoka zima. Aliomba kwa moyo wake wote mwanawe acheke. Aliomba aseme, wewe mathe, semina zenu zimekuharibu kichwa.



"Nani amekuambia?" Ndiritu aliuliza.

Naliaka hakupiga ukemi. Baadaye alishangaa kwamba hakupiga ukemi. Alimvuta kijana yule mrefu kama alivyokuwa, akamkumbatia, naye Ndiritu akawa mgumu kwanza kama mbao, kisha akaachia. Alilia kwa sauti nzito ya kiume ambayo mama yake hakuwa ameisikia hata siku moja. Katikati ya kilio akasema ya jeshi, ya jino, ya Shosho, nyanya yake, na wanawake wa kanisa, ya kula chakula cha baba yake bila kuleta kitu. Akasema alikuwa amepanga. Akasema alikuwa amechoka kusema niko fiti. Naliaka hakumwambia asilie, wala hakumwambia wengine wana shida kubwa kuliko zake. Alisema, "Nimesikia. Nimesikia, baba." Kisha akampigia Fowsia simu kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine hakuthubutu kuuondoa begani kwa mwanawe.

"Usimwache peke yake hata dakika moja," Fowsia alimwambia. "Nakuja na gari. Leo hii anaonwa na daktari, na mimi nitakuwa naye. Hakuna askari atakayemgusa, mwambie hivyo. Si mhalifu. Umefanya vizuri, mama."

Naliaka hakuhisi amefanya vizuri. Alihisi kama mtu aliyevutwa kutoka barabarani na gari likapita likigusa nguo yake.

Kivuli kikaziba mlango. Gathoni alikuwa amesimama kizingitini na fimbo yake. Akainua mguu mmoja, akauvusha. Akauvusha na wa pili. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha mjukuu wake, mahali ambapo hakuna mwanamke wa ukoo ule aliyewahi kuketi.

"Ndiritu," alisema, "nataka kukuambia habari za ndugu ya baba yako."

Alipokuwa bado akisimulia, Mwai alirudi kutoka kazini, suruali ina vumbi jeupe la mawe. Alikuta boma tupu, maharagwe yametapakaa, kuku wakiyashughulikia. Akafuata sauti. Alipowaona mama yake na mkewe wameketi ndani ya nyumba ya kijana, alibaki nje mdomo wazi. Yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuingia humo siku zote, na hakuwa ameingia tangu apigilie mabati.

"Kuna nini hapa?"

"Ingia, Mwai," alisema mama yake. "Tunamtaja Weru."

Kofia ikamtoka mkononi. Mwanamume yule aliyepasua mawe ya nyumba za watu kutoka Giakanja hadi mjini aliketi kizingitini kama mtoto aliyechapwa, akafunika uso. "Walinipeleka shule siku ile," alisema ndani ya viganja vyake. "Asubuhi ile ile. Nikaambiwa nisiseme kitu." Ndiritu alimtazama baba yake akilia, na mshangao uliokuwa usoni mwake ulikuwa, kwa siku nyingi, kitu cha kwanza chenye uhai humo.

Gari la Fowsia lilikuwa bado halijafika. Kwa mbali mtu alikuwa akiita ng'ombe. Ndiritu alipangusa pua kwa mkono wa sweta, akamgeukia nyanya yake.

"Shosho," alisema taratibu, "kama mlango ulikuwa wazi, kwa nini hukuingia?"

Gathoni alifikiri. Hakutafuta kujitetea; alikuwa kweli anatafuta jibu, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda.

"Nilikuwa na adabu," alisema.

Naliaka aliinuka, akatoka, akakichukua kile kikombe kwenye jiwe na kuimwaga chai ile kwenye majani. Akaenda jikoni akapasha nyingine, yenye maziwa mengi kama Ndiritu alivyoipenda utotoni. Aliporudi nayo hakusimama popote. Alipita na kikombe mlangoni, akamwekea mwanawe mkononi, akaketi karibu naye mpaka aimalize.